Hata Mbwa wa Pagaleni Ana Haki Yake

 

Mara nyingi hapa tunazungumza mapishi, malezi, mavazi na mambo ya ibada yetu wanawake. Leo nawaombeni mnivumilie, nataka kuwasemea wasioweza kujisemea: paka na mbwa wanaozurura mitaani petu, na watu wanaowatibu bure na kuwapa pahala pa kulala. Najua wako watakaoona neno "mbwa" wakakunja uso. Someni mpaka mwisho, kisha tushauriane kwa wema.

Nianze na nyau, maana huyo hana ugomvi na mtu. Hakuna mtaa wa Unguja usio na paka. Mji Mkongwe wanalala barazani kama wenye nyumba. Malindi na Darajani wanakaa chini ya meza za samaki kusubiri matumbo na vichwa. Kwetu sisi paka anaingia jikoni, anafukuzwa na ufagio, anatoka mlango huu anaingia ule.

Na dini yetu imemuweka pazuri. Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwekewa maji ya kutawadha na mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab. Paka akaja kutaka kunywa, Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka akanywa. Bibi yule akamtazama kwa mshangao, naye akamueleza kuwa Mtume, rehma na amani ziwe juu yake, amefundisha kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Mimi hupenda sana kwamba habari hii imetufikia kwa mdomo wa mwanamke, mkwe nyumbani kwa mkwewe, aliyeona jambo akataka kulijua.

Lakini kumpenda paka kwa kumtupia kichwa cha kibua hakutoshi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa bado mdogo, miezi mitano au sita tu. Mimba yake ni kama miezi miwili, na anaweza kushika nyingine hali bado ananyonyesha. Hesabu mwenyewe, kwa mwaka mmoja uani kwako patakuwa na wangapi. Wengi hawafiki ukubwani. Wanapata mafua ya macho mpaka yanaziba, wanakanyagwa na daladala, wanakufa kwa minyoo na njaa. Na wengine, Allah atusamehe, wanatiwa ndani ya kiroba wangali hawajafumbua macho, kikaenda kutupwa pwani.

Sasa tuje kwa mbwa, huko ndiko nilikoingia mwenyewe.

Mwaka jana, wakati wa masika, mbwa jike alizaa ndani ya pagale lililo nyuma ya nyumba yetu. Mwenye kiwanja yuko Muscat, ujenzi umesimama miaka, majani yamefika kiunoni. Watoto sita. Usiku mvua ikinyesha tunawasikia wanalia. Wakati huo huo mbwa dume mmoja, wa rangi ya udongo, mwenye sikio lililochanika, akawa anapita pita pale. Siku moja jioni mtoto wa wifi yangu, mwenye miaka minane, anatoka chuoni, mbwa yule akamrukia akamuuma mguuni.

Dada zangu, mtoto akiumwa na mbwa, nyumba nzima huwa haina usingizi. Alhamdulillah wifi yangu ni mtu wa akili. Hakumtia ndimu wala pilipili wala kahawa kwenye jeraha. Alimkalisha chini ya bomba, akamuosha kwa maji yanayotiririka na sabuni robo saa nzima, kisha wakaenda hospitali kuanza sindano. Hayo ndiyo ya kufanya, na naomba kila mama anayesoma ayahifadhi: maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku ile ile, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe zake hata kama mtoto anacheza mzima wa afya. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili hakina dawa, karibu kila aliyefika hapo hufa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu kama 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, na wengi sana ni watoto wa Afrika na Asia. Chanzo chao karibu wote ni mbwa.

Kwa hiyo wanaume wa mtaani walipokaa barazani baada ya Isha wakakubaliana kutia sumu kwenye nyama na kuwatupia mbwa wote wa pagaleni, mimi sikuwaona watu wabaya. Niliona baba wenye khofu. Hata hivyo nilimwambia mume wangu sumu siitaki, na nikamuomba awafikishie wenzake sababu zangu.

Ya kwanza, sumu haichagui. Nyama ikishatupwa kwenye majani, ataila paka, ataila kuku wa jirani, kunguru ataibeba aidondoshe uani kwa mtu, na mtoto wa miaka miwili huokota kila kitu akatia mdomoni.

Ya pili ndiyo iliyowanyamazisha. Bwana mifugo alishatwambia kwamba mbwa aliyeuma, kama anajulikana, afungiwe au aangaliwe kwa siku kumi. Mbwa mwenye kichaa aliyefika hali ya kuambukiza kwa mate hafikishi siku hizo mzima. Akipita siku kumi anakula na kutembea, basi alipouma hakuwa na hatari hiyo. Mkimuua leo mkamfukia, mtabaki na shaka mpaka lini? Mtoto ni wetu sote, na sote tunataka kujua.

Ya tatu, mbwa wakifa pagaleni jaa liko pale pale, na watakuja wengine tusiowajua. Watu wa afya wanasema hivyo hivyo: kuua mbwa hakujawahi kumaliza kichaa. Kinachomaliza ni kuchanja. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukosa pa kupita.

Na mfano hatuna haja ya kuutafuta Ulaya. Uko Pemba. Ndugu zetu wa Pemba walisumbuliwa na kichaa cha mbwa, wakachanja mbwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2014 maradhi yakaondoka. Mwaka 2016 yakarudi tena. Wataalamu walipochunguza vimelea vyenyewe, wakaona vililetwa kutoka nje ya kisiwa. Wakarudi kuchanja tena, wakafuatilia kila aliyeumwa, na 2018 wakayatoa mara ya pili. Nikawaambia: Pemba wamesafisha, sisi tunawaza sumu. Haya si ya aibu kidogo?

Tukapewa wiki mbili.

Sasa nawaeleza hizo jumuiya zinafanya nini, maana wengi hudhani ni mchezo wa wazungu wenye fedha zisizo na kazi. Hapa Unguja iko ZAASO, jumuiya inayohudumia paka, mbwa na hata punda, na wako wengine wenye kazi kama hiyo. Lamu, tangu 1987, kuna kituo kinachotibu punda bila ya malipo, na kila aliyefika Lamu anajua punda kule ndiye gari. Kazi hizi ni za siku nyingi, na wanaozifanya wengi ni watoto wetu wenyewe waliosomea mifugo.

Waliokuja kwetu walikuwa watatu. Daktari mwenyewe ni binti, hijabu yake kaifunga vizuri, mabuti ya mvua mguuni, glavu mkononi. Alipopita mbele ya baraza wale waliokuwa wakicheka walinyamaza. Kwanza alinipa kazi: kila siku baada ya Alasiri niweke chakula pahala pamoja, saa moja, mpaka mbwa azoee. Nikaweka ukoko wa wali na dagaa. Siku ya tano walikuja na wavu na kizimba, wakamkamata mama bila ya fujo. Alilazwa usingizi kwa dawa, akafungwa kizazi, akachanjwa kichaa, akapewa dawa ya minyoo na ya kupe. Yule dume alikuwa keshapita siku zake kumi, mzima. Naye akahasiwa na kuchanjwa. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana. Wakirudishwa wanatiwa alama sikioni, ukiiona ujue huyu keshashughulikiwa.

Katika wale watoto sita, wawili walikufa kabla hawajafika. Wanne walichukuliwa kituoni, na mmoja sasa analinda shamba la mtu.

Nilipokwenda kituoni kuwatazama ndipo nilipoelewa neno "bure". Bure kwako wewe uliyeleta, si bure kwa anayetibu. Dawa ya usingizi inanunuliwa. Uzi wa kushonea, pamba, sindano, mafuta ya gari, mchele wa kila siku, yote yananunuliwa. Vizimba vilikuwa vimejaa. Daktari akanambia asubuhi nyingi wakifungua lango wanakuta boksi au kiroba, ndani paka wachanga watano, mama yao hayupo. Watu wanasikia kuna matibabu ya bure na pahala pa kuwaweka, wanaona basi mzigo umepata mwenyewe. Paka mchanga asiye na mama anataka maziwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Nani ataamka?

Kwa hiyo, pamoja na ubora wake, makazi ya wanyama hayawezi kuwachukua wote wa mjini, hata yakijengwa kumi. Yanafaa kwa mgonjwa, aliyevunjika, mchanga, aliyeteswa. Waliobaki watakaa nasi mitaani, na dawa yao ni kufunga kizazi na kuchanja, ili wawe wachache na wawe salama. Ukimpeleka paka wako mmoja kufungwa kizazi umewapunguzia kituoni mzigo mkubwa kuliko ukiwapelekea watoto wake kumi.

Najua suali mlilonalo: na najisi je? Nilimuuliza sheikh wetu, sikujitungia. Sisi wa madhehebu ya Shafi mbwa kwetu ni najisi nzito, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na ndivyo pia kwa nguo au mkono uliopata mate yake au jasho lake. Lakini kikavu kwa kikavu hakinajisi. Najisi nayo ni hukumu ya tohara, inakwambia namna ya kuosha, haikupi ruhusa ya kutesa. Sheikh akanikumbusha kwamba Qur'ani imemruhusu mbwa wa kuwinda, na wanachuoni wakazungumzia mbwa wa mifugo na wa shamba. Na katika Suratul Kahf, wale vijana wema wametajwa pamoja na mbwa wao aliyenyoosha miguu mlangoni. Hakuwekwa ndani, lakini hakufukuzwa wala hakusahauliwa. Mimi nimefuata hapo hapo. Mbwa sikumuingiza nyumbani, chombo chake ni kopo la rangi, kinakaa nje, na glavu nimenunua.

Kuna hadithi mbili ambazo tumezisikia tangu chuoni, lakini sikuwahi kuzisoma pamoja mpaka mwaka jana. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Ya pili ni ya mwanamke mwenye sifa mbaya, wa Bani Israili, aliyesamehewa kwa sababu ya mbwa aliyemnywesha maji kwa kiatu chake. Tazameni vizuri, dada zangu. Wote wawili wanawake. Aliyeangamia aliangamia kwa mnyama msafi tunayemuacha alale kwenye mswala. Aliyeokoka aliokoka kwa yule tunayemtemea mate. Na yule wa paka hatukuambiwa alimpiga wala alimtilia sumu. Alimfungia tu, hakumlisha, hakumuacha akajitafutie. Basi anayemtia paka kwenye kiroba, na anayemfunga mbwa mnyororo mfupi juani bila maji, wajipime hapo.

Sitasema kila mtu alifurahi. Wifi yangu alikaa miezi miwili hanisemeshi ila salamu. Siku moja jikoni kwa mama mkwe aliniambia, "Mwanangu kaumwa, na wewe unampikia mbwa." Nilijibu, "Wifi, nimempikia ili akamatwe achanjwe, asije akaumwa mwengine." Hakujibu. Mama mkwe akasema, "Basi wanangu, nazi zitaungua," tukaendelea kukuna. Neno lile bado linaniuma, na sina haki ya kumwambia asiwe na uchungu. Aliyekesha anahesabu tarehe za sindano ni yeye.

Lakini mwezi wa tisa, ilipofika tarehe 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, wakaja kuchanja bure kwenye kiwanja cha mpira. Foleni ilikuwa ndefu, vijana na mbwa wao wa kamba, watoto na paka kwenye vikapu vya ukili. Katikati ya foleni nikamuona yule mtoto wa wifi, kakumbatia kikapu, paka wao wa madoa ndani yake analia. "Mama kanituma," akanambia, "kasema usimuache aumwe mkono." Nikamshikia kikapu. Na paka naye hupata kichaa, naye huchanjwa.

Kabla sijaaga, nawaachieni mambo machache ya nyumbani.

Paka wa nyumbani mchanjeni na mumfunge kizazi. Ulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya au jumuiya zilizo karibu nanyi ni lini kuna siku ya bure.

Mjamzito asisafishe choo cha paka, amuachie mwengine. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya tokso vinavyodhuru mtoto tumboni. Kama hapana mwengine, avae glavu, asafishe kila siku asikiache kikae, na anawe kwa sabuni. Paka hana haja ya kufukuzwa kwa ajili hiyo.

Mtoto akitokwa na mashilingi baada ya kucheza na paka, wote wawili watibiwe. Ukimtibu mmoja yatarudi.

Wafundisheni watoto wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, na wasikimbie wakifuatwa. Wasimame, wasimtazame machoni.

Ukiona mnyama mgonjwa au watoto waliotupwa, piga simu kwanza. Usiache kiroba langoni usiku.

Na sadaka. Tunatoa sadaka za maiti wetu kila Ijumaa, Allah azipokee. Mara moja moja ielekezeni huko. Mfuko wa mchele, taulo kuukuu, sabuni ya kufulia, fedha ya chanjo ya mbwa mmoja. Mtume ametufundisha kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, mna ujira. Kopo la maji nje ya geti kipindi hiki cha kaskazi, jua linapowaka, ni sadaka isiyohitaji hata senti.

Allah atutie huruma nyoyoni mwetu, awaponye watoto wetu na kila lenye kudhuru, awalipe kheri wanaoamka usiku kuwanyonyesha chupa viumbe wasio na mama, na atujaalie tuwe katika wanaorehemu ili na sisi turehemewe. Amin.

Wassalaam alaykum.